Mto Uliotundikwa Jikoni

Mzee Harbans alifariki mwezi uliopita. Baada ya ibada kule gurdwara, hekalu la Makalasinga, tulipokuwa tumeketi chini tukila dengu na chapati, binti yake aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu mbele za watu. Alitaka kujua ni kitu gani ninachokikumbuka zaidi kwa wazazi wake, katika ule mwaka niliokaa nao Balsall Heath, Birmingham, kama mpangaji. Yeye mwaka ule alikuwa Kanada na mumewe, mjamzito, amekatazwa kupanda ndege, kwa hiyo mambo ya nyumbani kwao aliyasikia kwa simu tu, na wazazi wakiwa kwenye simu huwa hawana shida yoyote. Nilimjibu kwamba nakumbuka chakula. Ni kweli, ila si yote. Niliporudi kwangu Erdington nikamsimulia mwanangu habari ya ile picha ya mto iliyokuwa jikoni kwao. Mwanangu anakielewa Kiswahili chote ninachomwambia lakini hunijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akaniuliza kama picha ilikuwa ya bei kubwa. Nikajua nimesimulia vibaya. Basi nimekaa chini nisimulie tena, taratibu, kwa kuandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Tanga kuja kusomea ufamasia, na chumba cha kwanza nilichopanga kilikuwa na unyevu hadi nguo zikaota ukungu kabatini. Mtu mmoja msikitini Small Heath akaniambia kuna Kalasinga wa Kisumu, fundi wa fremu, ana chumba cha juu kitupu na mke anayetafuta mtu wa kuongea naye Kiswahili. Nikaenda. Chini palikuwa na duka, nyuma ya duka karakana, na ukipanda ngazi nyembamba unatokea jikoni moja kwa moja, ndipo vyumba vingine vikafuata. Chini kulinuka gundi na mbao mbichi, juu kulinuka bizari ya pilau na vitunguu, na harufu hizo mbili zilikutana katikati ya ngazi, mahali ambapo kila jioni nilivua viatu. Mzee Harbans alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kimekatwakatwa, hakijali ngeli. Mkewe, Mama Surjit, alikulia Muhoroni akicheza na watoto wa majirani, na chake kilikuwa kimenyooka. Siku niliyofika alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Umekonda. Keti." Habari ya kodi tuliizungumza nikiwa nimeshakula chapati ya tatu.

Nilikaa upande wake wa meza, nikitazama jiko, na juu ya jiko kidogo, pembeni, ndipo ilipokuwa picha. Dirisha lilikuwa ukuta wa mkabala, kwa hiyo jua lolote lililobahatika kufika Birmingham lilianguka hapo. Haikuwa picha kubwa. Upana wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ilichorwa kwa rangi za maji katika karne ya kumi na tisa, na mchoraji ambaye saini yake pale chini ilikuwa imebaki herufi moja na mkwaruzo. Mto ulitoka mbali upande wa kushoto, ukapinda kati ya malisho, ukaja kupanuka mbele kabisa, mahali ambapo farasi aliinamisha shingo kunywa huku mtu mwenye kofia akimsubiri. Ng'ambo palikuwa na miti, nyuma ya miti mnara wa kanisa mdogo kama kucha, na juu ya vyote anga la waridi lililochanganyika na kijivu. Majani ya miti yalikuwa ya kahawia inayoelekea wekundu. Mtu yeyote angesema ni jioni, katika miezi ya kupukutika majani.

Mzee aliinunua kwenye masoko ya Bull Ring, mwaka wao wa kwanza mjini, kutoka kwenye meza iliyouza vyombo vya nyumba za marehemu. Wageni waliopanda ngazi zile walipenda kumwambia Mama kwamba bila shaka ule mto unamkumbusha nyumbani. Akishawapa chai na kuwaaga, ananigeukia. "Nyumbani gani? Mto wetu, Nyando, haujatulia hata siku moja. Ukiweka mguu unachukua mguu. Huu nimeupenda kwa sababu una adabu." Alikuwa akipika huku macho yanakwenda ukutani na kurudi sufuriani, kama mtu anayemwangalia mtoto anayecheza nje. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa karibu na picha ya mkono kwa muda mrefu hivyo. Kwetu ukutani palikuwa na saa na kalenda. Nilianza kuipenda bila kujua, kwanza yule farasi, halafu ile kona ambapo mto unapotea nyuma ya mwinuko na wewe unataka kunyoosha shingo uone unakwenda wapi.

Sakafu ya jikoni ilikuwa ya mbao, na sauti za dukani zilipanda juu zikiwa kamili. Nilisoma pale mezani jioni nyingi huku nikimsikia Mzee akiwahudumia wateja. Walimletea aya za Kurani, picha za harusi, vyeti vya watoto, na mara mojamoja mzee wa Kiingereza akileta picha ya rangi za maji iliyorithiwa. Kwa hao alikuwa na hotuba yake. Aliwaambia rangi za maji zinakufa kwa jua. Aliwaambia wasitundike mkabala na dirisha, watafute korido, watafute ukuta wa giza. Aliwaambia kwa upole, halafu kwa ukali, na kama mteja alionekana hasikii, alimrudishia picha yake na kumwambia aende kwa fundi mwingine. Nilimheshimu sana kwa hilo. Hakuna hata mara moja nilipoinua kichwa kutoka kwenye vitabu vyangu nikatazama ukuta wa jikoni na kufikiri.

Mwishoni mwa majira ya baridi Mama akaanza kupumzika katikati ya ngazi. Kwanza alisema ni viatu, halafu ni uzee, halafu siku moja akakaa kwenye ngazi ya tatu na mfuko wa vitunguu mapajani na akakubali kwamba hawezi kuendelea. Ilikuwa vali ya moyo. Walimpa siku ya upasuaji, na asubuhi ya kwenda hospitali alinionyesha mitungi yote ya viungo kama mtu anayekabidhi ofisi. Upasuaji ulikwenda salama, ila kulikuwa na wasiwasi wa mapafu, wakasema atakaa huko kwa muda. Nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo sikuipenda. Mzee alifungua duka, akafunga duka, akala nilichopika bila kuuliza ni nini.

Siku moja nilirudi kutoka chuoni mchana nikakuta ukuta wa jikoni mtupu, na pale ilipokuwa picha pana mstatili safi wa rangi ya zamani ya ukuta. Nikashuka karakana. Mzee alikuwa ameilaza picha mezani, chini ya taa, kioo kimetolewa, fremu iko pembeni.

"Mama akirudi, atakuta fremu mpya," alisema. "Miaka yote mimi natengeneza ya watu. Yake hapana."

Alikuwa amebakiwa na kazi ya kutoa ile kadibodi nyeupe inayozunguka picha ndani ya fremu, ambayo ilikuwa imegandishwa pembeni kwa gundi ya zamani. Alilowesha kidogo kidogo, akapitisha kisu chembamba, akasubiri, akapitisha tena. Wakati wa kusubiri alinionyesha kitu ambacho tangu siku hiyo nimekitafuta katika kila picha ya rangi za maji niliyoiona.

"Beti, tafuta rangi nyeupe kwa huu mto," aliniambia. Beti ni binti kwa Kipunjabi, na ndivyo alivyoniita siku zote.

Niliinama. Mto ulikuwa uking'aa, una mwanga juu yake, una mikunjo mahali farasi alipogusa maji. Nilimwonyesha hapa, na hapa.

"Hakuna," alisema. "Hiyo karatasi tupu. Yeye amezunguka na rangi, maji ameacha. Hakugusa. Unajua roho gani inataka, kuacha? Mimi ningepaka."

Kisha kadibodi ikaachia. Aliinyanyua kwa vidole viwili. Kuzunguka picha nzima, pale ilipokuwa imefunikwa, palikuwa na ukanda mwembamba, upana wa kidole, na katika ukanda ule anga lilikuwa la buluu. Buluu safi ya nili, kama kitambaa kipya. Na pembeni, pale tawi la mti lilipoingia chini ya kadibodi, majani yalikuwa kijani kibichi. Wachoraji wa zamani, Mzee alinieleza baadaye, walipata kijani kwa kuchanganya nili na njano, na nili ndiyo inayokimbia jua kabla ya nyingine. Ikikimbia, anga linabaki na waridi iliyokuwa chini yake, na miti inabaki kahawia. Mto peke yake haukubadilika, kwa sababu pale hapakuwa na rangi ya kukimbia.

Lakini wakati ule hakunieleza chochote. Aliketi kwenye kigoda. Akatazama juu, kama vile angeweza kuliona dirisha la jikoni kupitia dari.

"Mimi," alisema. "Hii nimeharibu mimi mwenyewe. Kila mteja naambia jua, jua. Ya mke wangu naweka kwa jua." "Wewe hapana ambia Mama."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi, nilidhani.

Saa za kutembelea wagonjwa zilipofika nilikwenda hospitali na kichuri, wali uliopikwa pamoja na dengu, kwenye chombo cha kutunza joto, maana Mama alikuwa amekikataa chakula cha huko kwa adabu lakini moja kwa moja. Alikuwa amepungua, ila macho yalikuwa yale yale. Aliuliza kama Mzee anakula. Nikasema anakula. Akasema ninadanganya, nikakubali. Aliuliza habari ya mitungi, ya mtihani wangu, ya jirani. Kisha akauliza, "Na picha yangu?"

Nikamuuliza kama nimpakulie kichuri.

"Ameitoa ukutani," alisema.

"Mama, amenikataza kusema."

"Ameifungua?"

Nikatazama chombo cha kichuri. Mama akaanza kucheka, akashika kifua kwa mkono kwa sababu ya mshono, akacheka kwa uangalifu hadi macho yakalowa. "Basi ameiona ile buluu. Maskini."

Ndipo akaniambia. Picha ilipoingia nyumbani anga lake lilikuwa buluu, na miti yake ilikuwa kijani. Mwaka ule ule alikuwa na mtandio wa rangi karibu ile ile, na alikuwa akiuvaa kwa makusudi anapopika. Kisha rangi ikaanza kuondoka. "Mimi nasimama pale kila siku na kijiko mkononi. Mtu gani ataiona ikienda kama si mimi? Mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo. Siku moja nikaona wageni wanasema ni jioni, nami nikasema ndiyo, ni jioni."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia angefanya nini? Si unazisikia hotuba zake? Angeitoa saa hiyo hiyo aipeleke kwenye korido. Ingekaa salama, na mimi nisingeiona. Nilikaa nikachagua, Rehema. Nikachagua kuiona." Akanyoosha shuka. "Wewe usimwambie kwamba nilijua. Ataona aibu mara mbili. Nitamwambia mwenyewe nikirudi nyumbani, nikiwa na nguvu za kumtuliza."

Nikaahidi tena. Katika basi la kurudi nilikuwa nimekaa na ahadi mbili, kila moja nimempa mtu ninayempenda, na nilikuwa nimeshaamua kuzitunza zote. Nilikuwa nimelelewa hivyo. Ukiambiwa usiseme, husemi. Leo nakaa nyuma ya kaunta ya dawa, watu wananiambia mambo kwa sauti ya chini siku nzima, na bado naamini kutunza neno la mtu ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Lakini mwaka ule nilijifunza pia kwamba kuna ahadi ambayo ukiitunza, kitu kitaharibika mbele ya macho yako.

Maana nilipofika nilikuta duka limefungwa mapema na taa ya karakana inawaka. Mzee alikuwa na sahani ya kauri mbele yake, na ndani ya sahani alikuwa amekoroga buluu. Kando palikuwa na vipande vya karatasi alivyojaribia, kipande baada ya kipande, na cha mwisho kilikuwa sawa kabisa na ule ukanda. Nilikuwa sijui kwamba anaweza kuchanganya rangi namna ile. Brashi ilikuwa mkononi, imelowa.

"Nitarudisha," alisema bila kunitazama. "Anga, halafu majani. Mama akuta kama siku ile."

Hata mimi nilijua. Rangi ya maji ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Na yeye alijua kuliko mtu yeyote Balsall Heath nzima. Nilikuwa nimemsikia kupitia sakafu akimwambia mteja kwamba anayepaka juu ya kazi ya mtu aliyekufa anamziba mdomo. Brashi ilikuwa imeshafika juu ya karatasi. Tone lilikuwa linajikusanya kwenye ncha.

"Mzee, Mama anajua," nikasema.

Mkono ukasimama.

"Anajua zamani. Aliiona ikipauka tangu mwanzo. Alinyamaza kwa sababu ungeipeleka kwenye korido, naye alitaka kuiona akiwa anapika."

Aliirudisha brashi kwenye sahani, polepole, akasogeza sahani mbali na picha. Kisha akainuka, akaenda kwenye sinki, akaosha brashi, akaosha sahani, akapangusa mikono kidole kwa kidole. Nilisubiri anikaripie kwa kuvunja neno la Mama, au aniulize kwa nini sikusema mapema. Aliniuliza jambo moja tu. "Alicheka?"

"Alicheka hadi akashika mshono."

Akatikisa kichwa, na nikaona ameanza kupumua.

Kesho yake hakufungua duka. Alivaa kilemba kipya, akaiweka picha ikiwa tupu, bila fremu wala kioo, katikati ya mbao mbili nyepesi, akaifunga kwa utepe, na tukaipeleka hospitali kwa basi. Aliishika mapajani njia nzima, na mtu aliyetaka kukaa karibu yake, Mzee alimwomba asogee kidogo. Mama alipotuona na ule mzigo hakuuliza. Alisogeza miguu pembeni. Mzee akaifungua juu ya blanketi, na wakaiinamia wote wawili, vichwa karibu kugusana. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda. Buluu ile ilizunguka picha kama ukingo wa leso, na katikati mto ulikuwa ukiendelea na shughuli zake.

"Nilisahau kama ilikuwa nzuri hivi," Mama alisema.

"Kwa nini hujaniambia?"

"Umeshaambiwa kwa nini." Akanitupia jicho mara moja, wala halikuwa la hasira. "Utaipeleka kwenye korido?"

"Iko buluu bado. Hii kidogo. Nataka iishi."

"Na mimi nataka kuiona."

Walibishana kwa Kipunjabi kidogo, kwa sauti ndogo ya watu waliozoeana, halafu wakarudi kwenye Kiswahili kwa heshima yangu. Mzee alisema kadibodi mpya ataikata pana, ili ule ukanda usifichwe tena. Mama akasema sawa. Mzee akasema zamani Waingereza wenye picha kama hizi walizitundikia pazia dogo, unalifungua ukitaka kutazama, unalifunga ukimaliza. Mama akafikiri. "Pazia la jikoni litashika mafuta," alisema. "Tafuta kitambaa cha kufulika." Hapo nikajua mambo yamekwisha.

Alirudi nyumbani miti ya barabarani ikiwa imeanza kuchipua. Sisi wawili tulimpandisha ngazi, akipumzika mahali ambapo harufu ya mbao inakutana na ya vitunguu. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na maharage, kwa namna ya kwetu, na Mama alionja, akasema chumvi imepungua, akala. Picha ilikuwa ukutani mahali pake, kwenye fremu ya mwaloni ambayo Mzee hakuipaka rangi, na mbele yake pazia la pamba nyeupe kwenye fimbo ya shaba. Mama aliinuka na kulivuta mwenyewe.

Mzee alikuwa na kiti chake, na sikuwahi kukifikiria kiti kile hadi mchana huo. Kilikuwa upande wa pili wa meza, kinatazama mlango wa ngazi, ili aisikie kengele ya duka na amwone anayepanda. Picha ilikuwa nyuma yake. Miaka yote aliyokula katika jiko lile alikula akiwa ameipa mgongo. Siku hiyo alikula matonge mawili, akageuka kutazama, akarudi kwenye sahani, akageuka tena.

"Utavunjika shingo," Mama alisema.

Alisimama. Alikiinua kiti, akakizungusha meza, akakiweka kando ya cha Mama. "Sogea," akasema. Mama akasogea.

"Na kengele ikilia?"

"Atasubiri."

Nikawapisha, nikaenda upande wa pili na sahani yangu, na kwa hiyo sikuiona picha tena mchana ule. Niliwaona wao. Walikula viwiko vikigusana, bila maneno mengi, nuru ya dirisha ikiwa mgongoni mwao. Baada ya muda Mama alinyoosha kijiko kuelekea ukutani.

"Mwangalie farasi," alisema. "Kivuli chake kiko wapi?"

Mzee alitazama. "Chini ya tumbo."

"Ingekuwa jioni, kingekuwa wapi?"

Mzee aliweka chini tonge lake. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayesoma kitu mara ya pili.

"Ni mchana," alisema. "Miaka yote hii."

"Miaka yote hii," Mama alisema. "Kula, wali unapoa."